Sumaku Inayobaki

Mimi ni fundi wa koili. Ukija Bulla Pesa na mota ya posho mili iliyoungua, au altaneta ya lori, au pampu, watu watakuonyesha kibanda changu nyuma ya wauza mkaa. Natoa waya ulioungua, nahesabu mizunguko, nafunga waya mpya wa shaba mzunguko kwa mzunguko, nachovya kwenye vanishi, nakausha juu ya jiko. Kazi hii nilifundishwa na mume wangu. Darasani nilifika la nne. Hayo mengine nimeyasoma kwa vidole, na viwili vya mkono wa kushoto havikunjiki tangu moto.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili kwenye plot ya vyumba kumi na vinne, mtaa wa pili kutoka kibandani. Mwenye plot alivuta stima ya wizi kutoka kwa nguzo, akaipitisha juu ya mabati kwa waya mwembamba ambao mimi nisingeutumia hata kwa kengele ya mlango. Msoma mita alikuja kila mwezi, akaangalia juu, akapewa ya chai, akaenda zake. Siku ule waya ulipochoka, plot yote iliwaka. Mume wangu alirudi ndani kumtoa mtoto wa jirani. Alimrusha nje, mtoto mzima kabisa, kisha paa likamwangukia yeye. Mimi nilivutwa na watu mkono ukiwa unawaka.

Naibu wa chifu akaandika kwenye karatasi yake kwamba moto ulianzia kwenye jiko la fundi wa koili, ukashika vanishi. Yaani mimi. Majina yao siandiki, nimeambiwa majina yanaleta kesi. Lakini wajijue: mwenye plot ambaye leo ana plot mbili, msoma mita aliyepandishwa cheo, na naibu wa chifu aliyeandika huku anakunywa soda ya mwenye plot. Nawapita barabarani kila wiki. Wananiona, wanaangalia simu.

Hao nimewazoea. Aliyenichoma moyoni ni wifi yangu, dada wa mume wangu, anayelima Kinna. Kwenye mazishi alisimama mbele ya watu akasema, "Nilimwambia kaka yangu, hiyo vanishi itawamaliza." Basi. Hakuniuliza ilikuwaje. Hakuna mtu wa ukoo ule aliyeniuliza, wote waliambiwa. Nilirudi Bulla Pesa nikingoja mmoja wao aje aulize, nimjibu. Nikangoja miaka.

Sasa nina mgeni wa kila siku saa nne asubuhi. Ni mwalimu mstaafu wa fizikia, Mmeru, anakaa Kiwanjani. Alimfundisha mume wangu kidato cha kwanza na cha pili, mpaka karo ilipomshinda akaingia ufundi wa jua kali. Jirani wa mwalimu amejenga ghorofa, kivuli kimefunika ua wake wote, kwa hivyo jua analifuata kwangu. Ana darubini ya macho mawili, moja limevunjika. Anaifunga kwa kamba kwenye kiti, anaielekeza juani bila kuchungulia, na picha ya jua inaangukia karatasi aliyobandika kwenye ukuta wangu: duara jeupe kama sahani. Ndani ya duara kuna madoa. Anayachora kwa penseli, kisha anakunywa chai yangu.

"Usichungulie huko," aliniambia siku ya kwanza. "Jicho litaiva kama yai."

Wateja humcheka. Mmoja aliuliza, "Mzee, unapima plot huko juu?" Mwalimu akamjibu, "Ndiyo. Yako nimeiweka kando, ile yenye joto."

Jumanne moja alikuja na hakufunga darubini. Alikaa kwenye ngoma ya kuvingirishia waya, kofia mkononi.

"Fundi, leo una hasira au umepumzika?"

"Nina hasira ya kawaida."

"Basi nitasema. Nimepigiwa simu kutoka Kinna. Wifi yako."

"Sina wifi."

"Haya. Dada ya mwanafunzi wangu." Akaeleza. Kuna akina mama kumi na mmoja wanaolima pamoja kando ya kisima. Wana jenereta moja inayovuta pampu. Ijumaa jioni ilizima vizuri, Jumamosi asubuhi ikawaka lakini haitoi stima. Injini inanguruma, pampu imelala. Muuza jenereta mmoja wa hapa mjini alienda kuiangalia, akasema koili imeungua, watafute mpya, na mpya anayo yeye dukani. Vitunguu vilikuwa vinaanza kufanya kichwa. "Shamba la dada ni lile la mwisho, la mchanga. Linakauka la kwanza. Akikosa maji mpaka keshokutwa, ameng'oa msimu wote."

"Si alikuwa na maneno mengi. Amwite huyo muuzaji."

"Sijasema umsamehe mtu. Nimesema vitunguu viko siku ya nne bila maji."

 Nilikuwa na mota kwenye mapaja, nikaendelea kuingiza waya. Yeye naye akainuka, akafunga darubini yake kwa kamba, akaanza kuchora. Tulikaa hivyo kama watu walionuniana. Mwishowe niliona afadhali tuongee kitu kingine.

"Leo madoa ni mengi."

"Mengi sana. Hilo moja hapo linameza dunia yetu na nafasi ya kugeuka inabaki. Kila doa ni mahali sumaku ya jua imetokeza nje. Inazuia moto wa chini usipande, ndiyo maana panapoa kidogo, panaonekana peusi."

"Sumaku gani? Chuma chake kiko wapi?"

"Hakuna chuma. Jua ni gesi."

"Basi hakuna sumaku. Mwalimu, mimi hii ndiyo kazi yangu."

Aligeuka, akaweka penseli chini. Nikajua nimemgusa pale anapopenda.

"Wewe ukifunga koili, sumaku inatoka kwa chuma au kwa waya?"

"Inatoka kwa stima inayopita ndani ya waya. Chuma kinaipa nguvu tu."

"Umesema vizuri. Gesi ya jua ina joto mpaka atomu zimevunjika vipande, na stima inapita ndani yake kama inavyopita kwenye shaba. Sasa ona: jua lote ni waya."

"Waya uliolala haufanyi kitu. Lazima uzungushwe mbele ya sumaku."

"Haujalala! Umeona uji ukichemka? Wa chini unapanda, wa juu unashuka. Theluthi ya nje ya jua inachemka hivyo, mchana na usiku, kwa joto linalotoka katikati. Na huku linachemka linazunguka. Tena halizunguki sawa. Kiuno kinamaliza mzunguko kwa siku kama ishirini na tano. Kule utosini na nyayoni, zaidi ya mwezi. Kiuno kinaiacha miguu nyuma."

Hilo lilinisimamisha. Kwenye mota kila kitu kimefungwa kwa shafti moja, kinaenda pamoja au kimevunjika. Nilijaribu kuwaza mashine ambayo kiuno chake kinaenda mbio kuliko kichwa na haivunjiki. Mwalimu alichukua uzi wangu wa kufungia koili, akaushika juu na chini ya chupa ya soda, akaniambia niubane katikati kwa kidole gumba, niizungushe chupa. Uzi uliokuwa umesimama wima ukavutwa, ukalala, ukaanza kuzunguka chupa. "Mistari ya sumaku inaanza hivi, imesimama kutoka utosi mpaka nyayo," akasema. "Kiuno kinaivuta. Inazunguka, inazunguka, inabanana, inapata nguvu. Ikibanana sana inapanda juu kama kitanzi, inatoboa. Pale inapotoka kuna doa, na pale inaporudi ndani kuna doa. Yanatembea mawili mawili, moja kaskazini, moja kusini."

Nilitazama karatasi. Ni kweli, yalikuwa mawili mawili, kama watu na wake zao wakitoka kanisani.

Nikamwuliza swali ambalo fundi yeyote angeuliza. Dainamo ukiizungusha bila sumaku hata kidogo ndani, utazungusha mpaka uzee, haitoi kitu. Inahitaji punje ya kuanzia. Punje hiyo inatoa stima kidogo, stima inaongeza sumaku, sumaku inaongeza stima, zinapandishana mpaka taa inawaka. Kwenye mashine ile punje hukaa kwenye chuma ikizimwa. Sasa jua lisilo na chuma, punje yake ilitoka wapi?

Mwalimu alivua miwani. "Nimefundisha miaka thelathini. Hakuna mtoto aliyeniuliza hilo. Na mkaguzi mmoja aliwahi kuniambia hii mada haina mtihani, niiache." Akavaa miwani tena. "Lilizaliwa nayo. Lile wingu la gesi lililojikusanya likawa jua lilikuwa na sumaku hafifu, hafifu kabisa. Ikatosha. Kutoka hapo mwendo ndio unaoilisha."

"Na isizidi, isilipuke?"

"Ikizidi inaushika mwendo wenyewe. Jenereta yako ukiiwekea mzigo si inanguruma kwa uzito? Hivyo hivyo."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikuliamini mpaka aliporudia. Kila baada ya miaka kama kumi na moja sumaku ya jua inageuka. Kaskazini inakuwa kusini. Halafu inageuka tena.

Hilo nalo nililijua kwa mkono. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilikuwa naamsha dainamo ya trekta iliyosahau sumaku yake. Kuamsha ni kuigusisha betri kidogo, chanya kwa chanya. Mimi niligusisha kinyume. Iliamka vizuri sana, lakini kichwa chini, na ingepika betri ya mwenyewe kama mume wangu hangeona sindano ya mita ikilalia upande wa pili. Alicheka mpaka akakaa chini. "Umetengeneza ya kwako," akasema, "inaenda nyumbani kinyumenyume."

"Sasa mwalimu, ikigeuka, katikati pale si inakufa? Nani anaiamsha?"

"Hakuna. Haifiki kufa. Vile vitanzi vilivyotokeza vinapinda kidogo kwa sababu jua linazunguka. Vikivunjika, mabaki yake yanasukumwa polepole mpaka utosini. Huko yanakula sumaku ya zamani mpaka inaisha, yanaendelea mpaka yanajenga ya upande mwingine. Kwa hivyo utosini inafika sufuri, ndiyo, lakini ndani bado kuna iliyovingirishwa. Mabaki ya mzunguko huu ndiyo mbegu ya ule unaokuja. Kina chake hasa, inaanzia chini kabisa au karibu na juu, wataalamu bado wanabishana. Lakini kila wakati kuna kinachobaki."

Nilikuwa nimeshika waya, sikuuingiza.

"Hiyo jenereta ya Kinna. Ijumaa ilizimwaje?"

"Mafuta yaliisha."

"Pampu ikivuta?"

"Nafikiri. Wanavyofanya, kila mama anamimina lita yake, anapiga maji mpaka mafuta yakauke yenyewe. Halafu mwingine anamimina yake. Hivyo hakuna anayekula mafuta ya mwenzake."

"Kila siku?"

"Kila mama, kila siku."

Niliweka mota chini. "Hiyo haijaungua. Wameimaliza sumaku."

Jenereta ikikata roho huku imebeba mzigo, mwendo unashuka na pampu bado inavuta, inanyonya mpaka ile punje iliyobaki kwenye chuma. Mara moja haidhuru. Mara kumi na moja kwa siku, msimu mzima, kuna siku asubuhi inaamka haina kitu. Ningeweza kumwambia mwalimu kwa mdomo, akampigia mtu simu. Lakini kuamsha kwa kuelekezwa kwenye simu ni kuunguza kweli. Nami nilijua ugonjwa. Ukijua ugonjwa na ukakaa, huwezi hata kunywa chai. Nikafunga kibanda.

Kesho yake asubuhi tulipanda gari la probox mpaka Kinna, mwalimu amepakata betri ndogo ya sola yake kama mtoto. Njiani hakunitajia wifi hata mara moja, na nilimshukuru kwa hilo.

Mwenyekiti wa kikundi ni mama wa Kiborana mwenye sauti ya kuita ngamia. "Salaam aleikum, fundi! Kumbe fundi ni mwanamke? Mwalimu hakusema!"

"Aleikum salaam. Hukumwuliza."

"Haya, mwanamke wa jenereta, karibu. Tumemaliza kulia, sasa tunangoja kucheka."

Wifi alikuwa mwisho wa shamba, kwenye mistari yake. Hakuja. Alinyoosha mgongo, akaniona, akainama tena. Nilikuwa nimejiandaa kuona yule mwanamke wa mazishi, mnene, na kitambaa cheupe. Niliona mtu amekonda, na mkebe wa rangi mkononi, anabeba maji kutoka kisimani, kikombe kimoja kwa kila kitunguu. Mistari ilikuwa mingi na alikuwa bado kwenye wa tatu. Vile vitunguu vingine vyote majani yalikuwa yamelala chini kama nywele zilizolowa. Hata mimi niliye na kifua cha chuma nilisikia kitu.

Nikafungua jenereta. Kwanza sikupima, nilinusa. Koili iliyoungua haifichi harufu, na mimi harufu ya kuungua siwezi kuikosea tena maishani. Hii ilinuka vumbi na petroli tu. Vanishi yake ilikuwa inang'aa kama asali.

"Muuzaji alisema imeungua," mwenyekiti akasema.

"Alifungua hapa?"

"Hakufungua. Alipiga teke hapo pembeni, akatingisha kichwa."

Basi na yeye nimwandike: muuza jenereta anayepima koili kwa kiatu. Alikuwa tayari kuuza chuma kizima kama chakavu na kuwaacha akina mama kumi na mmoja na shimo la maji wasiloweza kulifikia.

Nilizima swichi ya pampu. Nikatoa nyaya za brashi, mwalimu akavuta kamba, injini ikawaka. Nikagusisha betri, chanya kwa chanya, nikihesabu moyoni moja, mbili. Taa ya kupimia niliyoning'iniza haikuonyesha hata wekundu. Nikarudia. Hakuna. Nyuma yangu akina mama walisogea karibu.

"Imekufa kweli," mmoja akasema kwa sauti ndogo.

Nikazima. Nikatoa brashi zenyewe. Zile pete mbili za shaba zinapokanyaga zilikuwa nyeusi kama sufuria. Nikazipiga msasa, na vidole vyangu viwili vibovu vikafaa angalau mara moja, kwa sababu havikunjiki vinaingia mahali pembamba kama kijiti. Nikarudisha brashi. Mwalimu akavuta kamba mara tatu, akapumzika, akavuta tena. Nikagusisha.

Taa ilikuja polepole. Kwanza uzi mwekundu ndani ya kioo, kama kaa la sigara. Halafu rangi ya chungwa. Halafu nyeupe, na injini ikabadilisha sauti, ikawa nzito, kama mtu aliyepewa mzigo anaoutaka. Nikatoa betri, na taa haikuzimika. Ilikuwa inajilisha.

Nikawasha pampu. Mpira ukatapika hewa, ukatapika tope, kisha maji. "Bishaan!" mwenyekiti akapiga kelele, na wote wakapiga kelele hilo hilo, maji, maji, na mwalimu akaloana viatu na hakusogea.

Kazi ngumu ikaanza hapo, kwa sababu ilibidi niwaambie ni wao walioiua.

"Kuanzia leo mafuta yasikauke. Unazima pampu kwanza, injini inazunguka kidogo bila mzigo, halafu unazima injini. Kwenye tanki pabaki kikombe kimoja."

"Kikombe cha nani?" mama mmoja akauliza haraka.

"Cha yule aliyemaliza."

"Yaani mimi nimwachie huyu petroli yangu?" Akamwonyesha jirani yake kwa kidole. "Huyu? Huyu alinirudishia sufuria bila kifuniko!"

"Na wewe ulinirudishia jembe bila mpini!"

"Wa kwanza wa kila siku ataoga mafuta ya bure," mwingine akasema. "Na wa kwanza ni mwenyekiti!" Wakacheka, lakini hawakuwa wanacheka.

Mwenyekiti akashika kiuno. "Fundi, tumeweka hii sheria ya tone la mwisho kwa sababu tuligombana mpaka kwa chifu. Tone la mwisho ndilo limetuletea amani."

"Ndilo limeua jenereta."

"Na mwalimu kwenye simu alisema eti jua limekuambia. Jua linaingiaje hapa?"

Mwalimu alifungua mdomo. Nilimtangulia, sijui kwa nini. Labda kwa sababu niliziona nyuso zao, zimechoka, na nilijua lugha ya kuwaambia. Nikawaambia hilo jua linalowachoma ni jenereta. Halina mafuta ya kununua, joto lake la ndani ndilo injini, na linachemka na kuzunguka huku kiuno kikiiacha miguu nyuma, na mwendo huo ndio unaotengeneza sumaku. "Sumaku inatengeneza stima na stima inatengeneza sumaku," nikasema, "lakini kama ingefika sufuri kabisa, chemka uchemkavyo, hakuna kitu. Linageuza sumaku yake juu chini, limefanya hivyo tangu zamani, na halijawahi kuimaliza. Linaacha punje. Ile punje ndiyo kesho yake. Nyinyi mnakausha."

"Miaka mingapi kugeuka?" mwenyekiti akauliza.

"Kama kumi na moja."

"Sisi ni kumi na mmoja," akasema, akawaangalia wenzake. "Kila mtu mwaka wake."

Mwalimu akacheka kwa pua. "Fundi amesahau madoa tu. Mengine ni alama mia."

Wakabishana kwa Kiborana, kwa Kimeru na kwa Kiswahili, mpaka wakakubaliana: kijiti kitaingizwa kwenye tanki, kitakuwa na alama ya kisu, na petroli ikifika kwa alama, zamu imekwisha, hata kama umebakiza mstari mmoja. Wa mwisho jioni atamwachia wa kwanza wa asubuhi, na wa kwanza atakuwa anabadilishwa kila siku. Mama wa sufuria alikubali akitukana.

Zamu ya kwanza walimpa wifi bila kuulizana. Alikuja na lita yake kwenye chupa, akamimina, macho kwenye mdomo wa tanki. Hakuniangalia. Maji yakaingia mfereji, yakaenda taratibu, mchanga ukiyanywa, mpaka yakafika kule mwisho.

Mimi nilimfuata. Nilijiambia nataka kuona nguvu ya maji inavyofika. Alikuwa anafungua mstari kwa jembe, anafunga, anafungua mwingine. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka kwa kamba ya kisima, na kwenye mpini wa jembe kulikuwa na damu kidogo. Nikachukua jembe lingine, nikaanza upande wa pili wa mfereji. Tulifanya mistari sita au saba hivyo. Nilimwona mume wangu kwenye mabega yake, namna ile ya kuinua bega moja kabla ya kuinama, na ilibidi nisimame kidogo nijifanye natoa jiwe kwenye kiatu.

Akaongea akiwa ameinama, amenipa mgongo.

"Ile siku. Jiko lilikuwa limewaka?"

Nilikuwa nimekaa na jibu miaka yote hiyo, nimelipiga msasa, nimelipanga na makali yake. Lilipohitajika likatoka dogo.

"Ilikuwa Jumapili. Jumapili hatufungi koili. Tulikuwa tumetoka kanisani."

"Na vanishi?"

"Haijawahi kulala nyumbani hata siku moja. Kaka yako hakuipenda harufu yake. Ilikuwa kibandani. Jumatano, nilipotoka hospitali, niliikuta pale pale, na kifuniko chake."

Alisimama. Maji yalifurika mstari, yakavunja ukingo, yakaenda bure, na hakuna kati yetu aliyeyazuia.

"Mbona hukusema?"

"Ulisimama mbele ya watu, wifi. Ulikuwa umeshamaliza."

Akapangusa damu ya kiganja kwenye nguo yake. Sikumsaidia. Mtu kama mimi hajui kusaidia mahali kama hapo. Mwenyekiti alipiga kelele kutoka kwa jenereta kwamba kijiti kiko kwa alama, na wifi akainua mkono kuonyesha amesikia. Pampu ikazimwa, halafu injini, na kukawa kimya mpaka nikasikia mchanga unavyonyonya. Alibakiza mistari minne mikavu.

Hakuiangalia. Aliweka jembe chini, akakaa kwenye ukingo wa mfereji, miguu ndani ya tope.

"Niambie tangu asubuhi," akasema.

Nikakaa. Nikamwambia tangu asubuhi: kwamba chai ilikuwa ya rangi kwa sababu maziwa yaliharibika, kwamba kaka yake alivaa shati la buluu na kifungo cha pili hakikuwepo, na kwamba kanisani aliimba kwa sauti kubwa kuliko wote na hakuwa akijua maneno.